Kujitolea kwa Pauni Elfu Nne

Barua ilitoka shuleni kwa binti yangu, hapa Hull. Wanafunzi wa miaka 16 na 17 watakwenda Tanzania majuma manne: watapanda milima ya Usambara, watapaka rangi madarasa ya shule ya msingi, kisha watapumzika Zanzibar. Gharama ni pauni elfu nne na ushee, na kila mwanafunzi aitafute mwenyewe.

Safari hizi si za jana. Kampuni ya World Challenge inazipanga tangu mwaka 1987. Sehemu ya kutafuta pesa naipenda. Mtoto anaoka keki anauza, anaosha magari, anasimama dukani akiwapangia wateja vitu mifukoni ili wamtilie sarafu kwenye ndoo. Sisi Wakongo wa huku hatuwafundishi watoto wetu hivyo, tunabaki kulalamika kwamba wamezoea kupewa.

Kazi yenyewe ndiyo inayonitia shaka. Kijana ambaye hajawahi kushika brashi anapandishwa ndege akapake rangi ukuta, na fundi wa kijiji kile amekaa pembeni anamtazama.

Kwetu Omate, kule Walikale, mashariki mwa Kongo, kwenye dhahabu, kundi la namna hiyo halifiki. Serikali ya Uingereza inawaonya raia wake wasiende Kivu Kaskazini. Mei 2018 Waingereza wawili walitekwa katika hifadhi ya Virunga, nayo ikafungwa hadi mwaka uliofuata. Machi 2025 waasi wa M23 waliingia mji wa Walikale. Basi watoto wa Hull wanapelekwa kwenye usalama, si kwenye shida kubwa zaidi. Siwalaumu. Hata mimi wangu nisingempeleka.

Huko nyumbani darasa linajengwaje? Septemba 2019 shule ya msingi ilianza kuwa bure, watoto wakajaa, vyumba vikabaki vilevile. Mzigo ukaangukia komite ya wazazi. Direkta wa shule anatangaza kanisani Jumapili. Wanaume wanapasua mbao kwa msumeno wa mkono, akina mama wanasomba mchanga mtoni, na kila mtoto anakuja na jiwe lake kichwani. Manjanja, yaani mabati ya paa, yanatoka mbali: yanakunjwa, yanafungwa mgongoni mwa mbebaji, naye anakata msitu kwa miguu, matope hadi magotini. Yakifika, bei imeshapanda, na mengine yametoboka kwenye mkunjo.

Sitaki mtu aseme kwamba hiyo ndiyo Afrika nzuri ya mshikamano. Waliokuwepo miaka ya 1970 wanaijua salongo, kazi ya pamoja ya enzi za Mobutu: ilikuwa amri. Hata leo mtoto anabeba mawe saa ya hesabu na hakuna aliyemwuliza mzazi wake. Huku, kabla binti hajapanda ndege, wazazi wanaitwa mkutanoni, bima inakatwa, na karatasi inaonyesha nani atawajibika mtoto akiumia. Mkutano na karatasi tungeviiga kesho, havihitaji pauni hata moja.

Ndugu zangu wa Hull, Sheffield na Norwich, barua kama hiyo ikija msiitupe. Nendeni kwenye huo mkutano, nyosheni mkono, mwulize: fundi wa kijiji kile atalipwa nini siku ambazo watoto wetu wameshika brashi yake?