Nyufa za Bakuli

Bakuli la udongo lenye ngozi ya kioo likifanya nyufa nyembamba kama utando wa buibui, wengi husema si kitu. Nyufa hizo hutokea kwa kuwa, chombo kikipoa baada ya kuchomwa, kioo husinyaa kuliko udongo. Mafundi wa China ya kale walizifanya kusudi, ziwe pambo. Lakini udongo usioiva vema hunywa mchuzi kwa nyufa hizo, na chombo hupungua nguvu. Mtu alijaze maji, aliweke juu ya karatasi kavu usiku kucha. Karatasi ikilowa, lisipakuliwe chakula. Hata hivyo jaribio hilo halionyeshi madini ya risasi, ambayo yakiwamo katika kioo huweza kutolewa na ndimu au siki, nayo hudhuru watoto zaidi. Ufa wa ukuta huzibwa. Wa bakuli hauzibiki kwa urahisi. Lenye mashaka na liwekwe maua.