Kidato cha Kwanza, Busunzu

Mwaka 2007 kata nyingi za Tanzania zilikuwa zinahangaika na sekondari zao mpya. Wananchi walifyatua matofali, wakayachoma, wakachangishana fedha za boma, na serikali ikaahidi mabati na walimu. Mabati yalifika mapema kuliko walimu. Vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa madarasani, na watu wakawabandika jina la voda fasta. Mimi nilikuwa nimetoka Chuo cha Ualimu Korogwe na stashahada yangu ya Kiingereza na Kiswahili. Orodha ya ajira ilipotoka, jina langu lilikuwa chini ya Wilaya ya Kibondo. Nyumbani Tanga kila aliyekuja kuniaga alisema neno lilelile: Kigoma, mwisho wa reli.

Reli ilipoisha nilikuwa bado sijafika. Treni ilipita Morogoro, Dodoma, Tabora na Uvinza ya chumvi, ikanishusha ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Kutoka hapo basi lilipanda milima hadi Kasulu, likavuka Mto Malagarasi, likaingia nchi ya Muhambwe, yaani Kibondo. Miaka ile mabasi ya njia hiyo yalisafiri na askari wenye bunduki, kwa sababu ya majambazi wa porini. Busunzu niliingia jioni, vumbi jekundu limenijaa hadi kwenye kope. Mkuu wa shule alinipokea begi, na kabla ya kuniuliza habari za safari aliniuliza kama nitakaa. Walionitangulia kupangiwa pale, baadhi yao walikuwa wameripoti, wakasaini, wakaondoka.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Kiha, lugha ya wenyeji, mimi sikukijua kabisa. Mjukuu wake wa darasa la tano ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Sisi wa pwani tunajiona mabingwa wa salamu, lakini Waha walinizidi. Bibi alinisalimu huku akipiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo, akiuliza nimeamkaje, wa kwetu wameamkaje, kazi imeamkaje, na haikuwezekana kupita njia bila kumaliza yote hayo. Nilijifunza kuitikia, kisha nikajifunza kuanza mimi: mwakeye, bibi. Siku nilipoianza salamu mwenyewe alicheka kwa furaha, akaniletea ndizi za kupika.

Chakula kilinichukua muda. Nilizoea wali wa nazi, na huku hakuna mnazi. Kulikuwa na ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na dagaa waliopanda kutoka ziwani wakiwa wakavu. Asali ilikuwa nyingi, kwa kuwa misitu ya Kibondo imejaa mizinga. Juni na Julai asubuhi zilikuwa za baridi, ukungu umelala migombani, nami nikifika shuleni nimejitanda kitenge juu ya sweta. Umeme haukuwapo. Madaftari niliyasahihisha kwa taa ya chemli, redio ya bibi ikiwa imefunguliwa Radio Kwizera ya Ngara, ile iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na ikawa redio yetu sote. Kuongea na mama Tanga kulihitaji kupanda kilimani kutafuta mtandao.

Shule ilikuwa na madarasa machache, ofisi moja, na rimu ya gari iliyotundikwa mtini kuwa kengele. Wanafunzi walifika wakiwa wameshatembea saa nzima au zaidi, wengine wameshalima kabla ya kuoga. Kwa sera ya elimu ya nchi, masomo yote ya sekondari yalikuwa kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili. Kwa watoto hawa Kiha ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani. Kiswahili walikikuta darasa la kwanza, na sasa, wakiwa na miaka kumi na minne, waliambiwa wajifunze fizikia, jiografia na historia kwa lugha ya tatu.

Nilipouliza swali, darasa lilinyamaza. Vichwa viliinama, kalamu zikaandika hewani. Kulikuwa na msichana aliyekaa dawati la mbele, hesabu zake hazikuwa na doa, na kwa wiki nyingi sikuisikia sauti yake. Walimu wenzangu walisema ni woga wa watoto wa kijijini. Jibu lililoniridhisha nililipata barabarani.

Kila mwisho wa mwezi walimu tulisafiri hadi Kibondo mjini kufuata mshahara benki. Njiani kulikuwa na kizuizi cha ukaguzi. Wilaya ilikuwa na kambi za wakimbizi wa Burundi, na Kiha na Kirundi ni lugha za karibu mno, watu wake ni majirani na ndugu waliotenganishwa na mpaka wa wakoloni. Basi liliposimama, abiria waliteremshwa na kuulizwa: umezaliwa wapi, umesoma shule gani ya msingi, balozi wako wa nyumba kumi ni nani? Aliyejibu kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kiha aliwekwa pembeni. Nilimwona mzee wa makamo, mkulima wa kahawa, akihojiwa muda mrefu juu ya nchi aliyozaliwa yeye na babu zake. Mimi, mgeni kuliko wote ndani ya lile basi, sikuulizwa chochote. Kiswahili cha Tanga kilikuwa hati yangu ya kusafiria.

Watoto wangu walikuwa wameyaona hayo tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Walijua kwamba mtu akifungua mdomo anaweza kudhalilishwa. Katika shule nyingine za wakati ule mwanafunzi aliyeonekana akizungumza lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, naye akakaa nacho hadi amkamate mwenzake. Kwa watoto waliokwisha kuchekwa kwa lafudhi yao ya Kiswahili, Kiingereza kilikuwa mlango mwingine wa aibu, na ukimya wao ulikuwa na akili. Walikuwa wanajilinda.

Basi nikaweka sheria moja, nikaiandika ubaoni na kuirudia kila kipindi: hapa hachekwi mtu. Nikawaruhusu waliwaze jambo kwa Kiha na mwenzao wa dawati, walipange, ndipo waliseme kwa Kiingereza, hata likiwa limevunjika. Mkuu wa shule alinisikiliza, akaniambia nijaribu.

Niliwaomba kila mmoja aje na maharage ya kwao. Ndipo darasa lilipofunguka. Maharage ya Kibondo yana rangi nyingi, mekundu, ya njano, yenye madoadoa, na kila nyumba inajua lipi huiva upesi na lipi hustahimili mvua. Somo la kulinganisha, kubwa, kubwa zaidi, kubwa kuliko yote, likajaa ubishi wa kweli. Mvulana ambaye baba yake alikuwa mrina asali alitueleza jinsi mzinga unavyotundikwa, jinsi moshi unavyowatuliza nyuki, kwa nini asali hurinwa usiku. Sarufi yake ilichechemea, lakini hakuna aliyetaka anyamaze, nami nilijifunza kwake mambo ambayo Tanga sikuwahi kuyasikia. Hayo yote yalikuwa kwa Kiingereza.

Vitabu vya hadithi vilikuwa vichache, hivyo nilisoma kwa sauti na darasa likafuata. Walichokipenda kuliko vyote kilikuwa Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala. Niliwasimulia kwamba mwandishi huyo alizaliwa Uingereza, akaja Tanzania kufundisha miaka ya 1970, akachukua uraia, akabaki nasi. Ilikuwa habari kubwa kwao kwamba mtu mwenye Kiingereza cha kuzaliwa alikuja kwetu akajifunza lugha yetu na kuandika juu ya dereva mwanamke wa Kitanzania. Ijumaa tukafanya mdahalo: je, mwanamke anaweza kuendesha basi la Kasulu, kwenye tope la Machi, na majambazi porini? Wavulana walikana kwa kelele. Yule msichana wa dawati la mbele akasimama. Alisema kwa Kiingereza kwamba mama yake hubeba gunia la muhogo kichwani, mtoto mgongoni na jembe mkononi katika tope hilohilo la Machi, na kwamba anayeweza hayo usukani hautamshinda. Wasichana walipiga makofi, yale ya Kiha, polepole na kwa heshima. Tangu siku hiyo hakunyamaza tena.

Nilikaa Busunzu hadi wale wa kidato cha kwanza walipofanya mtihani wa kidato cha nne. Wapo waliofaulu na wapo waliorudi shambani, kwa sababu sheria yangu moja haikuweza kuziba pengo la walimu wa sayansi wala vitabu. Najua gharama ya kumfundisha mtoto kila kitu kwa lugha asiyoimudu, nimeiona kwenye madaftari yao: sentensi walizozikariri neno kwa neno bila kujua zinasema nini. Hilo ni jambo la taifa zima kuamua, na bado tunaliahirisha.

Siku hizi lami imeingia katika barabara ya Kasulu na Kibondo, na Kakonko, iliyokuwa sehemu ya Kibondo, ni wilaya inayojitegemea tangu mwaka 2012. Walimu vijana wanaendelea kupangiwa mbali na kwao, na wengine huniuliza waanzie wapi. Huwaambia waanze kwa kujifunza salamu ya mahali pale, kwa sababu mwalimu wa lugha ambaye hajawahi kuonekana akikosea lugha ya wengine ataogopwa daima. Wakishaijua, walinde midomo ya watoto. Yeyote aliyedhihakiwa kwa namna anavyozungumza atabeba dhihaka hiyo katika kila lugha atakayofundishwa, na hakuna mtaala wala kitabu kitakachomtua mzigo huo kama mwalimu wake hataki. Wampe mtoto kitu chake mwenyewe cha kusema, maharage ya kwao, mizinga ya baba yake, kazi ya mama yake, kisha wamsikilize hadi amalize.