Kupima Kabla ya Kuhukumu: Somo Kutoka Nyumba ya Ghorofa

Mwalimu wa sayansi hana budi kuwazoeza watoto kupima kabla ya kuhukumu. Kanuni hii huandikwa katika maandalio mengi ya masomo, lakini mara nyingi hubaki karatasini. Napenda kueleza jinsi tatizo la nyumbani lilivyonisaidia kuifundisha kwa vitendo.

Ninaishi katika nyumba ya ghorofa mbili. Familia tatu za wakufunzi, kila moja katika sakafu yake, huchangia ada ya intaneti kwa usawa. Rauta iliwekwa chini, nyuma ya kabati la chuma, kwa kuwa ndipo waya ulipoingilia. Jirani wa juu kabisa, ambaye binti yake hujisomea kwa mtandao huo, alilalamika kwamba analipia hewa, akakusudia kujitoa. Wa chini alishangaa, maana kwake mambo yalikuwa shwari. Mmoja alitaka tununue kifurushi kikubwa zaidi; mwingine aliilaumu kampuni. Ujirani ulianza kuingia ufa.

Kwa idhini ya majirani, niliwaalika wanachuo sita. Walichora ramani ya nyumba, wakachagua vituo vitatu katika kila sakafu, na katika kila kituo wakapima mara tatu nguvu ya mawimbi kwa simu ileile. Simu huonyesha nguvu hiyo kwa namba hasi: -50 ni nzuri, -80 ni dhaifu. Ikishuka kwa 10, nguvu iliyobaki ni sehemu moja tu ya kumi.

Ramani ilimaliza ubishi. Karibu na rauta mtandao ulikwenda kasi. Basi kosa halikuwa la kifurushi wala la kampuni. Mawimbi yalizuiwa na kabati, kisha na sakafu za zege lenye nondo.

Hapo wanachuo walibadili jambo moja kwa wakati mmoja, wakipima upya kila mara. Kwanza waliitoa rauta nyuma ya kabati. Pili, kwa waya mrefu zaidi, waliihamishia ukutani penye ngazi, ghorofa ya kwanza. Tatu, walilaza antena moja, kwa kuwa antena iliyosimama hutupa mawimbi zaidi pembeni kuliko juu na chini. Nne, simu za juu ziliunganishwa kwa masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya kuta vizuri kuliko ya gigahezi 5, ingawa kasi yake ni ndogo.

Kikabaki chumba kimoja, cha binti yule. Mwanachuo alishauri kirudishamawimbi kiwekwe humo. Mwenzake alimjibu: asiyesikia hawezi kusimulia. Tulipitisha waya hadi juu na kufunga kisambazaji cha pili. Jirani hakujitoa.

Ndugu mwanachuo, huenda shule utakayopangiwa haina intaneti. Tumia redio ndogo. Iwashe, itumbukize katika sufuria, kisha funika kwa mfuniko wa chuma. Mara nyingi stesheni hufifia na kugeuka mikwaruzo. Rudia kwa boksi la karatasi. Usiwaeleze watoto sababu mapema. Waulize: mmepima wapi, mara ngapi, na mmebadili nini? Mtoto aliyezoea maswali hayo hatakuwa mwepesi wa kumlaumu jirani yake.