Kutoka filamu hadi simu: picha za mandhari ya Baraka

Picha ya mandhari ya Baraka, katika wilaya ya Fizi, jimbo la Kivu Kusini, hutegemea kwanza mvua. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kiangazi. Nyasi za vilimani hukauka, moto huwashwa mashambani na porini, na moshi huchanganyika na vumbi mpaka rasi ya Ubwari, iliyo ng'ambo ya ghuba, ikabaki kivuli cha kijivu au ikafichika kabisa. Mvua za kwanza, ambazo kwa kawaida hufika Septemba au Oktoba, huosha hewa. Baada ya kila mvua, mikunjo ya milima ya Ubwari huonekana mmoja mmoja, na upande wa magharibi miteremko inayopanda kuelekea milima ya Itombwe huanza kuacha rangi ya kahawia na kuvaa kijani.

Katika nchi za kaskazini miezi hiyohiyo ni majira ya majani kupukutika, na wapiga picha wa huko huenda kutafuta misitu iliyogeuka njano na nyekundu. Kamusi za Kiswahili huyapa majira hayo jina la vuli, ingawa kwa watu wa pwani vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Ukanda wa Ziwa Tanganyika nao una wekundu wake. Katika misitu ya miombo, iliyoenea magharibi mwa Tanzania na kusini mashariki mwa Kongo, miti mingi huchipua majani mekundu na ya rangi ya shaba kabla mvua hazijaanza, kisha majani hayo hukomaa yakawa kijani. Jani jekundu la kaskazini linakaribia kuanguka. La miombo ndiyo kwanza limezaliwa.

Jua pia lina utaratibu wake. Baraka iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini. Mti hukalia kivuli chake, mabonde hukosa kina, na picha huwa bapa. Asubuhi, karibu na saa 12, jua hutokea upande wa Ubwari na kutandaza mwanga juu ya maji. Lakini hupanda wima, na mwanga laini huisha mapema. Jioni mambo hugeuka. Milima ya magharibi hulificha jua kabla halijatua, mji huingia kivulini, huku Ubwari ikiendelea kuwaka kwa rangi ya dhahabu. Dakika hizo chache ndizo anazozisubiri mpiga picha aliyesimama ufukweni.

Mandhari hii iliandikwa kabla ya kupigwa picha. Richard Burton na John Speke, Wazungu wa kwanza kufika Ziwa Tanganyika, mwaka 1858, waliacha maelezo, michoro na ramani. Burton alipoitazama Ubwari kutoka kwenye mtumbwi aliidhania kuwa kisiwa, na hivyo ndivyo alivyoiandika. Baadaye ramani za Kizungu ziliipa ghuba iliyo kati ya Ubwari na Baraka jina la Burton.

Kamera ilipozoeleka, ilimgeukia mtu. Filamu ya milimita 35 ilikuwa na picha 36 kwa kawaida, na kila picha ililipiwa mara mbili: filamu yenyewe, kisha kusafishwa na kuchapishwa. Maabara ya rangi ilikuwa mbali, na matokeo yalisubiriwa kwa siku au majuma. Kwa gharama hiyo, hakuna aliyeona sababu ya kupiga picha mlima usio na ndugu mbele yake. Harusi, ubatizo, mtoto mchanga na mgeni kutoka safari ndivyo vilivyostahili filamu. Katika albamu za wakati huo ziwa lipo, lakini liko nyuma ya mabega ya watu, mara nyingi limekatwa nusu. Studio nyingi za Afrika zilitundika hata pazia lililochorwa maua, ndege au majumba, ingawa mandhari halisi ilikuwa mlangoni.

Vita vya mwaka 1996 viliwasukuma watu wengi wa Fizi kuvuka ziwa kwenda Kigoma, Tanzania, na wengi wakaishi katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Mwaka 2005 safari za kurudi nyumbani zilianza, meli zikiwaleta wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka. Anayekimbia hubeba mtoto na chungu kabla ya albamu. Kwa sababu hiyo picha chache zilizosalia zilipata thamani mpya: zilipotazamwa tena, macho yalipita sura za mbele yakatafuta ule mwembe, ile nyumba, ule mstari wa ufuko uliokuwa nyuma.

Kamera za dijitali, na baadaye simu, ziliondoa gharama ya kila picha. Hapo ndipo ghuba, mawingu na milima vilipoanza kupigwa picha kwa ajili yavyo vyenyewe. Kadi moja hubeba maelfu ya picha, na iliyoharibika hufutwa papo hapo. Gharama haikuisha, ilihamia kwenye umeme: kamera ya zamani isiyotumia betri ilifanya kazi popote, ilhali ya leo huzimika pasipo sola au jenereta ya kuichajia.

Kuchagua kati ya simu na kamera, kwa mtu wa Baraka, huamuliwa na upana wa ghuba. Lenzi kuu ya simu ni pana. Inatosha kwa mtumbwi ulio karibu, soko au mvua inayokuja ziwani, lakini huisukuma Ubwari mbali mpaka ikawa uzi mwembamba kati ya maji na anga. Kukuza kwa vidole kwenye kioo mara nyingi hukata tu kipande cha picha na kupunguza ubora wake. Kamera yenye lenzi ya kubadilisha, hata iliyokwishatumika, ikifungwa lenzi ya milimita 200, huivuta milima karibu zaidi. Hata hivyo, lenzi ndefu huvuta na moshi pia. Wakati wa kiangazi haionyeshi zaidi ya ukungu, na uwezo wake hudhihirika baada ya mvua.

Usiku una hesabu nyingine. Gizani, mwezi usipokuwepo, wavuvi wa ndagala, yaani dagaa wa ziwani, huwasha taa na ghuba hujaa nukta za mwanga. Mbalamwezi inapokuwa kali, wengi hubaki nchi kavu. Kuzipiga picha taa hizo kunataka kamera itulizwe kwa sekunde kadhaa juu ya stendi au jiwe. Uzito na umbo la kamera navyo vina maana. Simu haimshtui mtu, lakini kamera kubwa huvuta macho ya askari, na katika eneo lililopitia vita vingi, kambi za jeshi, vizuizi vya barabarani na bandari havipigwi picha bila ruhusa. Mchana kwa matembezi ya kila siku, simu inatosha. Kwa Ubwari na kwa usiku, kamera yenye lenzi ndefu na stendi hulipa gharama yake.

Kumbukumbu ya mandhari imepata kazi mpya tangu takriban mwaka 2020, maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda na kuingia katika nyumba na barabara za fukwe za Uvira, Kalemie na Bujumbura. Mto unaotoka ziwani ni mmoja tu, Lukuga, kwa hiyo mvua nyingi hukaa ziwani muda mrefu. Picha mbili zilizopigwa kutoka jiwe lilelile, mwezi uleule, miaka tofauti, huonyesha ufuko ulipohamia bila kuhitaji maelezo.

Kwa kazi hiyo kamera ya bei ndogo inafaa sawa na ya bei kubwa, mradi mpigaji arudi mahali palepale. Lakini simu ikianguka majini huzama na picha zote. Kwa hiyo picha chache za kila mwaka zichapishwe karatasini, tarehe na mahali viandikwe nyuma, na nakala moja iwekwe katika nyumba ya ndugu mwingine.