Baada ya Picha ya Langoni

Wengi wenu mliiona picha tuliyowatumia: sisi wawili, watoto wetu wanne na bibi yao, tumesimama mbele ya lango la bustani kubwa ya michezo huku Marekani, sote tukicheka. Baadhi yenu mliandika kwamba sasa kweli tumefika. Tumeona ni haki tuwasimulie yaliyofuata.

Tuliweka akiba kwa miezi 14. Bei ya tiketi hubadilika kila siku, na siku ambazo watoto hawaendi shule ndizo ghali. Maegesho yalilipiwa kando, chakula kiliagizwa kwa simu, na kulikuwa na malipo mengine kwa atakaye kupita njia fupi badala ya kusimama foleni. Tangu alfajiri mmoja wetu hakuinua macho kwenye simu. Nasi tulikuwa tumekwenda kupumzika!

Mambo hayakuanza hivyo. Walt Disney alisimulia kwamba wazo la bustani yake lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi jijini Los Angeles, akiwatazama binti zake wakizunguka juu ya farasi wa mbao; alitamani mahali ambapo wazazi na watoto wangefurahi pamoja. Disneyland ilipofunguliwa mwaka 1955, mtu mzima alilipa dola 1 langoni, mtoto senti 50, na kila mchezo ukalipiwa kwa senti kadhaa. Dola ile ni kama 12 za leo. Sasa, siku zenye watu wengi, tiketi ya huko huvuka dola 200. Mwaka 1999 kampuni hiyo ilianza kuwapa wageni nafasi ya kurudi kwenye mchezo kwa saa maalumu, bila malipo ya ziada; tangu 2021 nafasi ya namna hiyo hununuliwa. Wenye bustani wana hoja yao: watu ni wengi kuliko viti. Hatuikatai. Lakini katika foleni ya zamani, mwenye mali na asiye nayo walichomwa na jua lile lile.

Bustani tuliyokwenda sisi ni nyingine, ila desturi ni hiyo hiyo. Saa nane mchana, foleni ya mchezo ambao watoto waliuota mwaka mzima ilikuwa ya dakika 140, na bibi yao alikuwa amechoka. Fedha zilizobaki ziliweza kuwapitisha watoto wawili tu kwenye njia fupi. Tulipiga hesabu mbele yao, jambo ambalo hadi leo tunalijutia.

Mkubwa wetu, mwenye miaka 13, alisema upesi kwamba yeye haupendi mchezo ule. Alikuwa ameuchora kwenye jalada la daftari lake. Tulijua, tukaupokea uongo wake kwa kuwa ulitufaa. Wa pili alinuna, akageuka kando. Bibi akatuuliza: «Wanangu, kama hazitoshi wanne, kwa nini waende wawili?» Tulisema tiketi zimekwisha kulipiwa. Zilikuwa bado.

Wadogo walikwenda, wakarudi baada ya dakika chache. Waliwatazama wakubwa wao, wala hawakusimulia chochote.

Picha ya langoni tumeitundika sebuleni. Mwaka huu watoto wameomba twende tena. Watatu kati yao.