Kipimo cha Shafti

Sisi walimu wawili wa Nyamisati twapenda kuwaeleza wasomaji habari ya kosa tulilolifanya katika masika ya mwaka 2018. Si kosa la kutojua hesabu, maana hesabu ndiyo tunayoifundisha kila siku. Kutoa tulitoa sawasawa, na kuandika tukaandika. Hata hivyo nusura mtu apotee njiani.

Motokaa ya usharika wetu ni Land Rover ya kale, ya ile namna ya 3 iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hata 1985, ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Hubeba mpunga, saruji, vitabu, hata jeneza ikilazimu. Na zaidi ya yote hubeba wagonjwa. Kutoka ufukoni kwetu, ambako watu hupanda chombo kwenda Mafia, hata kufika Bungu penye barabara kuu, njia wakati ule ilikuwa ya mchanga, na masika yakiingia ilikuwa ya tope. Basi kwa mzigo ule na njia ile vyuma vya ndani ya ekseli ya nyuma, vile vizungushavyo magurudumu, vilikatika mara tatu. Ni udhaifu ujulikanao wa ekseli ya namna ile katika gari refu. Tukashauriwa kutafuta ekseli nene zaidi iitwayo Salisbury, ambayo kiwanda chenyewe kiliitia katika magari mengi ya namna hii. Tukaipata katika gari bovu, nayo ikakaa juu ya springi zetu pasipo taabu.

Taabu ilikuwa shafti. Kwa ndugu wasiopata kulala chini ya motokaa: ni bomba la chuma litokalo giaboksi katikati ya gari, likaenda nyuma hata ekseli, nalo ndilo lipelekalo nguvu ya injini. Kila mwisho una krosi, ili shafti ikubali kupinda gari lipandapo na kushuka. Na mahali pamoja pana kiungo cha kuteleza, yaani chuma chenye meno marefu kiingiacho ndani ya kingine chenye meno, ili shafti irefuke kidogo na kufupika kidogo. Basi pua ya Salisbury ni ndefu kuliko pua ya ekseli tuliyoitoa, kwa hiyo shafti ya zamani haikuingia tena. Haikosi kukatwa.

Tuliinua gari kwa jeki, tukaliweka juu ya magogo, magurudumu yakining'inia, kwani ndivyo lilivyokuwa tangu siku ya kubadili ekseli. Tukapima kwa futi kutoka uso wa chuma cha giaboksi hata uso wa chuma cha ekseli. Mmoja wetu akanena, 'Sasa ekseli imening'inia, imeshuka kabisa. Basi hapa ndipo ilipo mbali kupita pote. Tukiacha meno ya kiungo yametoka karibu yote kwa kipimo hiki, hayatatoka zaidi kamwe. Na gari likishuka yataingia ndani, yatapata nafasi.' Mwenzake akaona ni maneno ya akili, hata akayasifu. Fundi wa kulehemu akakata mahali tulipomwonyesha. Yeye hana lawama katika jambo hili.

Siku mbili gari lilikwenda vizuri, likiwa tupu. Usiku wa tatu tukaitwa. Mama mmoja alikuwa katika uchungu tangu asubuhi, na mkunga alisema asingojee, apelekwe hospitali ya Mchukwi. Tukamlaza nyuma juu ya godoro, pamoja na mama yake, na shangazi wawili, na mume, na vijana wanne wa kusukuma tukikwama. Mvua ilikuwa ikinyesha. Tulipokuwa hatujafika Bungu, katika kipito kibaya chenye shimo, tukasikia mlio wa chuma, kisha kishindo kikipiga sakafu mara nyingi. Injini ilinguruma, wala gari halikwenda. Tukashuka na taa, tukakuta shafti imeachana, nusu yake inaburuza matopeni, na meno ya mwisho yamelika kama mahindi yaliyoguguna panya.

Yule mama hakupiga kelele. Aliuliza mara moja tu, 'Walimu, tumefika?'

Hapo tulikumbuka jambo ambalo mwenye Land Rover ya namna hii hana budi kulijua. Gari hili huweza kuendeshwa kwa magurudumu ya mbele pia. Tuliweka mawe chini ya magurudumu yote, maana breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu bali hushika shafti hiyo hiyo, na shafti ikitolewa breki haina cha kushika. Tukafungua boliti nne za nyuma na nne za mbele, tukaitoa. Kisha tukabonyeza kirungu cha rangi ya njano, gari likajivuta kwa magurudumu ya mbele peke yake. Lakini uzito wote ulikuwa nyuma, na ya mbele yaliteleza. Kwa hiyo vijana walisukuma kila penye tope, na mume wake pamoja nao, naye akilia waziwazi wala haoni haya. Tuliingia hospitali saa kumi na moja alfajiri, tukiwa tumechelewa zaidi ya saa mbili. Mtoto alizaliwa kabla jua halijapanda, mwanamume, hai. Daktari hakutuuliza kwa nini tumechelewa, nasi hatukumwambia.

Juma lililofuata tulichukua vipande kwa basi kwenda Dar es Salaam, tukaenda Gerezani walipo wakerezaji. Tukiwa njiani mmoja wetu alikumbusha kwamba si mara ya kwanza chuma kibovu cha delta yetu kupelekwa huko. Mwaka 1914 manowari ya Wadachi, Königsberg, ilipokwisha kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja siku ya 20 Septemba, ilijificha katika mito ya Rufiji, mitambo yake imeharibika; na vipande vyake vikavutwa kwa nguvu za watu wetu kupitia nchi kavu hata karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Meli yenyewe haikutoka tena. Ikaangamizwa siku ya 11 Julai 1915. Sisi angalau tulilipa nauli ya basi.

Mzee mkerezaji aliishika shafti yetu, akaigeuza, akatazama meno. Tukamwamkia shikamoo, akaitika, kisha akauliza, 'Walimu, mlipima gari likiwa wapi?'

'Juu ya magogo, mzee.'

'Nalo hufanya kazi juu ya magogo?'

Hatukuwa na jibu. Akachukua kipande cha bati, akakipinda kama upinde, akatufahamisha. Springi za nyuma zimefungwa imara kwa mbele, na kwa nyuma zina pingili ya kuchezea. Ekseli ikining'inia, springi hujikunja zaidi, na kwa kujikunja huivuta ekseli mbele, kuelekea giaboksi. Gari likipakiwa, springi hunyooka, na ekseli husukumwa nyuma. Kwa hiyo mahali tulipodhani ni mbali kupita pote palikuwa karibu, na kila mtu aliyepanda usiku ule aliyachomoa meno kidogo zaidi. Alituonya kwamba magari hayafanani, na katika mengine hesabu huenda kinyume. Ndiyo sababu kubahatisha kwa akili hakufai, hata kama akili ni ya mwalimu. (Nuhu alipewa dhiraa 300, na 50, na 30, wala hakuongeza maoni yake.)

Hakukubali kukata siku ile. Alisema, 'Rudini mkapime. Chuma hakiozi.' Tukarudi Nyamisati, mwendo wa kutwa.

Safari hii gari lilisimama chini, mahali pa sawa, kwa magurudumu yake manne. Tukapakia magunia sita ya mpunga na wanafunzi wanane wa darasa la sita, waliofurahi sana kwa kukosa somo. Tukapima uso kwa uso, mara tatu, kila mmoja peke yake pasipo kuangalia namba ya mwenzake. Tofauti na kipimo cha kwanza ilikuwa karibu nusu inchi. Ni kitu kidogo, hufichika nyuma ya kidole.

Bomba letu lililokatwa halikufaa tena. Mzee alipata shafti nyingine ndefu katika chakavu zake, ya unene ule ule. Kabla ya kukata alichora mstari mmoja ulionyooka juu ya bomba toka mwisho hata mwisho, ili masikio yashikayo krosi ya mbele na yale ya nyuma yaelekee upande mmoja. Yakipotoana, shafti haizunguki kwa mwendo mmoja, na gari zima hutetemeka. Akatia kiungo cha kuteleza katikati ya mwendo wake, nafasi ya kuingia na nafasi ya kutoka, kwa maana ikibanwa kabisa nayo huvunja beringi za giaboksi. Akalehemu nukta nne kwanza, zikielekeana, akaizungusha kwenye mashine na chaki mkononi kuona penye kupinda, akainyosha, ndipo akalehemu mzingo mzima.

Tuliifunga Jumamosi. Tulipokwenda Bungu na kurudi na mzigo kamili, tuliingia chini na taa. Juu ya chuma cha kiungo grisi ilikuwa imefutika mahali meno yalipoteleza, kidogo mbele, kidogo nyuma, na pande zote mbili pakibaki nafasi.