Kila Ndege na Mluzi Wake

Hivi mwenzi wako ukimwita anaitika? Simaanishi ile "naam" ya mtu aliyezama kwenye simu. Nazungumzia kuitika kwa moyo.

Mume wangu ni Mnyiramba, mtu wa maneno machache. Mimi ni binti wa Tanga. Kwetu jambo huongewa uso kwa uso, chai mezani, mpaka liishe. Mwaka wetu wa tatu wa ndoa, mimi nikiwa Dar na yeye Singida, nilipata barua ya uhamisho kwenda Mwanza. Nilitaka tuamue kama hii ndoa ya mabasi iendelee au la. Kila nikigusa mada, jibu lilikuwa lilelile: "Tutaona." Yaani nilianza kuogopa.

Likizo hiyo rafiki yake alitualika Munguli, wilayani Mkalama, wanakoishi Wahadzabe, tukaone asali ya porini inavyotafutwa. Huko nikajifunza kumwita mlembe.

Mlembe ni ndege mdogo wa kahawia, ukimwona hata hutageuka mara mbili. Lakini anajua nyuki walipo, na anapenda kula nta. Shida yake ni kwamba hawezi kupasua mti wala kuwatuliza nyuki. Binadamu ana shoka na moshi, ila hajui mzinga uko wapi. Basi wanahitajiana.

"Shikamoo babu," nilimwamkia mzee aliyetuongoza. "Marahaba mjukuu wangu," akaitikia, kisha akapiga mluzi unaopanda na kushuka, halafu kimya. Nikajaribu, ukatoka upepo mtupu! Nilipoupata, nikaupiga mfululizo kama refa. Babu akacheka. "Ukipiga, nyamaza. Ndege naye ana zamu yake."

Nikapiga, nikanyamaza. Baada ya muda nikasikia sauti kama mtu anatikisa kiberiti kilichobaki nusu. Mlembe huyo! Akaruka mti hadi mti, manyoya meupe ya mkiani yakionekana, akitusubiri tulipochelewa. Tukamfuata hadi kwenye mbuyu wenye nyuki.

Baadaye nilisoma kwamba wataalamu Claire Spottiswoode na Brian Wood waliupima mwito huu, wakachapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 2023. Wahadzabe humwita mlembe kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mtetemo wa ulimi unaomalizika kwa mguno. Mlembe wa Wahadzabe aliuitikia mluzi wa kwao zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Kule Niassa ikawa kinyume: mwito wa Kiyao ulishinda karibu mara mbili. Ndege ni aina ileile, ila kila mmoja amejifunza lugha ya watu wake.

Sasa sikia kilichonigusa. Tukiwa njiani tunamfuata ndege, bega kwa bega, macho yetu juu mitini, mume wangu akaanza kuongea mwenyewe. Kumbe mkataba wake wa kazi ulikuwa unaisha, na alikuwa anaona aibu kuja Mwanza bila kazi, alishwe na mke. Nikakumbuka zamu ya ndege, nikanyamaza. Akamaliza yote.

Jambo moja tu sikukubaliana na babu. Baada ya asali kutolewa, aliyachoma masega yaliyobaki ili ndege abaki na njaa, aongoze tena. Wahadzabe wengi hufanya hivyo, na porini ina akili yake. Wayao wao humwachia nta yake. Mashosti wengi hushauriana hivyohivyo kuhusu wanaume: mwache na njaa, atarudi. Mimi kwenye ndoa niko na Wayao. Aliyekuongoza hadi kwenye asali, mpe fungu lake.

Leo tunaishi Mwanza pamoja. Ilimchukua miezi saba kupata kazi, na haikuwa rahisi. Jioni tukiwa na zito moyoni, tunatembea. Na siku mimi ninapohitaji meza na chai, anakaa, anazima simu, ananitazama. Naye kajifunza mwito wangu.

Wewe je, wa kwako anaitikia mluzi gani? Usiulize mashosti, wao wana ndege wao. Piga wako, kisha nyamaza usikilize.